Mvua ya Upande Mmoja

Kiuu, jioni

Nyambura, mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Wendani kuwaaga wenzako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Basi nina saa moja hivi, au mbili kama mtacheka sana. Nimelisukuma sanduku lako ndio nipate mahali pa kuweka miguu, na nimechukua daftari lako la zamani la hesabu kwa sababu sijapata karatasi nyingine. Ukurasa wa nyuma una alama za mwalimu kwa wino mwekundu. Usijali, sikuangalia sana.

Sitakuandikia habari ya kufuli, wala neti, wala kula kitu kabla ya kupanda basi. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia juu ya ile kaseti. Jumapili nilikuona ukiifunga ndani ya ile sweta ndogo ya kijani, ukaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na walkman. Ukasema, "Mvua ile ilitunyima cucu, mum." Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nikaendelea kukunja shuka.

Nyambura, haikuwa mvua.

Basi nimeandika. Ngoja nipumue, halafu nikwambie pole pole. Nikikwambia kwa mdomo nitaikata katikati, na kukata ndiko kulikoniponza.

Studio ya Mzee Rajabu kule Thika unaikumbuka, lakini unaikumbuka kitoto: trei za mayai ukutani, blanketi la kijivu mlangoni, harufu ya mashine zikipata moto, na zile taa ndogo nyekundu na kijani. Uliniambia zile taa ni mji, na kwamba sisi tuko juu mlimani tunauangalia. Mimi nikakubali, kwa sababu hata mimi niliuona. Kuna siku nilikaa mbele ya zile taa nikasahau kama nina miguu.

Ulichokuwa hujui ni kwamba mama yako aliingia pale kufagia. Mbele duka la kaseti, nyuma studio, na mimi ufagio na birika la chai. Mzee Rajabu naye alikuwa na siri. Kabla ya duka alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, katikati ya mashine za kufuma, na zile mashine zilimla masikio. Alisikia sauti nene vizuri: lori, ngoma, gitaa la besi. Nyembamba zilikuwa zimemhama. Ndege akilia nje, kwake hakuna ndege. Na hakutaka wateja wajue.

Siku moja nilikuwa chini ya meza nafagia, yeye anacheza tepu ya mhubiri mmoja, nikasema bila kuulizwa, "Mzee, huyu mtu anaongea kama amebeba uji moto mdomoni."

Akageuka. "Umesikia nini?"

"Zile S zake. Zinachoma."

"Zinachoma?" Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Weka ufagio chini, Mama Nyambura. Njoo ukae hapa."

Ndivyo nilivyokalishwa mbele ya ikwalaiza. Nikupe picha yake, kwa sababu wewe hukuruhusiwa kuigusa. Ni chuma cheusi, kipana kama trei ya chai, kimefungwa kwa skurubu nne kwenye raki, mashine nyingine juu yake na nyingine chini. Usoni kina safu mbili za vijiti vidogo vya kuteleza, kumi na vitano juu, kumi na vitano chini. Safu ya juu ni ya sauti ya kushoto, ya chini ni ya sauti ya kulia. Kila kijiti kinashika kipande chake cha sauti, kuanzia kile kinene unachokisikia tumboni hadi kile chembamba ambacho ni kama pumzi. Ukikipandisha, kipande hicho kinakua. Ukikishusha, kinafifia. Na katikati kabisa kuna kituo unakisikia kwa kidole, tik, na hapo sauti inapita kama ilivyokuja.

Mzee aliamini katikati. "Ukiona vyote viko katikati na wimbo ni mzuri, jikune, unywe chai." Na kama ni lazima uguse, shusha kabla hujafikiria kupandisha. Tafuta kinachosumbua, ukipunguze kidogo tu, kama chumvi.

Chini ya vijiti kuna namba na Kizungu, na mimi unajua niliishia darasa la saba. Basi nikavipa majina. Cha kwanza Lori. Mbele kidogo Pipa, kwa sababu hapo mtu anasikika kama anaimba ndani ya pipa. Halafu Simu, halafu Kijiko, kile cha kijiko kikigonga kikombe. Cha mwisho kabisa Pumzi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, lakini baada ya mwezi mmoja ni yeye alikuwa anasema, "Punguza Pipa kidogo, Mama Nyambura." Yeye anauliza, mimi nasikia. Watu wawili, masikio mamoja. Miaka ile nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mtoto darasa la tatu, na kuna mashine inayonisikiliza nikiigusa kwa kidole.

Kijiti kimoja, kati ya Simu na Kijiko, sikukipa jina. Kimeandikwa mbili nukta tano. Nilikipita kila mara. Nilijua ni nani anakaa pale.

Cucu yako, mama yangu mimi, ambaye una jina lake, ndiyo maana mimi nakuita mama, alikuwa na sauti ya pale. Wewe ulimjua akiwa amezeeka. Mimi nilimjua akisimama uani Ngoliba akimwita mtu aliye ng'ambo ya mashamba ya mkonge, na mtu anaitika. Kanisani ni yeye alikuwa anaanzisha, wengine wanapokea. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, na sikuweza tena kukuficha chini ya leso, alisimama kwa ule ua, akatumia sauti ile ile: "Wangari! Nenda ukamlee huko ulikompata!" Majirani wa pande zote walisikia. Hata mbuzi waliacha kula. Nikaenda. Kutoka Ngoliba hadi Thika si safari ya kuaga watu, lakini kwa miaka tisa mimi sikuenda na yeye hakuja.

Halafu alasiri moja Mzee akapitisha kichwa kwa blanketi. "Jitayarishe, kuna kwaya ya akina mama. Wametoka Ngoliba."

Nikamsikia mama yangu kabla sijamwona. Waliingia na vitambaa vyeupe kichwani, vumbi miguuni, wamejaa chumba kizima. "Ngai! Si huyu ni Wangari?" mmoja akasema. "Kai, umenenepa! Thika inakulisha."

"Ni chai tu, mami."

"Chai na nini? Hiyo si chai pekee yake!"

Wakacheka wote. Yeye alikuwa nyuma yao, anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

Tulikuwa na maiki mbili. Ya kushoto tukampa yeye, kwa sababu ndiye mwanzishaji. Ya kulia tukawapa wengine wote. Mimi nikakaa upande wa pili wa kioo na hedifoni kichwani. Mzee alikuwa kwa mashine ya tepu. Nikaminya kitufe cha kuongea nao, na neno la kwanza nililomwambia mama yangu baada ya miaka tisa ni hili:

"Mama, rudi nyuma hatua moja kutoka kwa maiki."

"Hapa?"

"Hapo."

Basi. Akaanza kuimba.

Ndani ya hedifoni, Nyambura, sauti haitoki ng'ambo ya ua. Inakaa katikati ya kichwa chako, kama ni wewe unaifikiria. Nilikuwa tena na miaka kumi na sita, nimeshika leso. Mkono ukaenda wenyewe kwa safu ya juu. Mara ya kwanza nilijiambia ni kazi, na kweli sauti ilikuwa inakata kidogo, Mzee mwenyewe angeniambia punguza. Nikashusha kile kisicho na jina. Kidogo, kama chumvi. Halafu tena kidogo. Halafu nikashusha Simu, nikashusha Kijiko. Na yeye akaanza kwenda, kama mtu anayetoka chumbani kinyumenyume huku anakuangalia. Mwisho kukawa na kwaya inampokea mtu ambaye hayuko.

Nikaona raha. Hilo ningeweza kuliacha nje ya barua, na ndiyo sababu naliandika.

Wimbo wa pili mvua ikaanza, tone tone, halafu yote kwa mpigo. Kwa paa la mabati unajua vile inakuwa. Desturi yetu ilikuwa mvua ikinyesha hakuna kurekodi, watu wanakunywa chai. Mzee akainua mkono kuwasimamisha. Akina mama wakakataa. Pikapu yao ilikuwa inangoja, na barabara ya kwao ikilowa haipitiki. "Wacha Mungu apige kayamba!" mmoja akasema, wakacheka, wakaendelea. Vijiti nikaviacha pale pale mpaka nyimbo zikaisha.

Kila jioni kabla ya kuzima, Mzee alikuwa anarudisha vijiti vyote katikati. Siku hiyo alisimama mbele ya raki muda mrefu. Safu ya chini ilikuwa imenyooka. Safu ya juu ilikuwa na shimo katikati, kama meno yameng'oka.

"Nini hii?"

"Ni mvua, mzee. Nilikuwa sisikii vizuri."

Akapitisha kidole kwa safu ya chini, toka mwanzo hadi mwisho. "Mvua gani hii, Mama Nyambura, inanyesha upande mmoja tu?"

Nikachukua ufagio. Akavirudisha vijiti kimoja kimoja. Tik. Tik. Tik. Hakuniuliza tena mpaka alipofunga duka kwa uzee.

Ujue jambo moja la ile kazi. Ukikata wakati wa kurekodi, ulichokata hakiko kwa tepu. Hakijalala mahali kikingoja. Mzee alipotoka nilirudisha tepu nyuma, nikapandisha kijiti kile mpaka juu kabisa, na Simu, na Kijiko, nikaongeza sauti. Ukaja upepo mtupu. Shhh. Kama kumwita mtu kwa nyumba waliyohama.

Nikiwa bado na hedifoni, mama mmoja wa kwaya akarudi mbio kuchukua mwavuli, pikapu bado iko nje. Akanionyesha mfuko wa karatasi kwa kiti cha mlangoni. "Huo ni wako. Mama yako ameona haya kukupa." Halafu akiwa anatoka: "Kulikuwa na mahali pengine karibu zaidi pa kurekodi. Ni yeye alikataa. Alisema ni Thika ama hatuimbi."

Ndani ya mfuko kulikuwa na ile sweta ya kijani. Ulikuwa unaniuliza mbona tunaweka sweta ambayo hukuwahi kuivaa. Haikukuingia, mama. Ni ya mtoto wa miaka minne na wewe ulikuwa na tisa. Alikuwa anamfumia mtoto aliyekuwa anakua kichwani mwake, na huyo alikuwa anakua pole pole kuliko wewe.

Kaseti ikatoka, ikaenda Ngoliba, na wa kwanza aliyeniuliza mbona mwanzishaji hasikiki nikamjibu mvua. Aliyefuata hakuniuliza, alikuwa ameshaambiwa. Baada ya miezi kidogo ilikuwa ni habari ya kila mtu, ile mvua iliyotunyima sauti ya Nyambura, na mimi mwenyewe kuna siku niliiamini. Niliota mara nyingi vijiti vinashuka vyenyewe, na maji yanapita kati yao.

Sasa ile safari yetu ya Ngoliba. Ulikuwa darasa la tano. Unaihadithia kila Krismasi: mipapai, watoto wa mbuzi, redio juu ya kigoda, na cucu anaimba juu ya kaseti. Ukapiga makofi, ukafikiri anakuchezea. Mama, alikuwa anajaza shimo. Kila mahali nilipomtoa alijirudisha kwa mdomo wake, akiwa na kikombe mkononi, na sauti yenyewe imeshaanza kupasuka pasuka. Alijua kila shimo liko wapi. Alikuwa amezoea. Ina maana alikuwa anaimba hivyo hata kama hakuna mgeni.

Ulipotoka kuwaona watoto wa mbuzi, aliniuliza bila kuniangalia, "Wangari, siku ile mvua ilinyesha sana?"

Kweli yote nilikuwa nayo mdomoni. Nakuapia nilikuwa nayo.

"Ilinyesha, mami."

Akaniongeza chai. "Haya. Basi ilikuwa mvua."

Mvua ndefu zilizofuata hakuziona. Na mimi nimekaa na lile jibu lake. Sijui kama alinisamehe au alichoka kuningoja. Kuna siku nasikia hivi, kuna siku nasikia vile, na ni maneno yale yale.

Nakwambia haya leo kwa sababu ya ule mkono. Watu husema Mama Nyambura ana masikio, na mpaka leo wananiita kwa hiyo kazi, Thika na hapa Ruiru. Lakini mkono wangu ulijifunza kitu siku ile, na nimeuona ukikifanya hata mahali hakuna mashine. Uliponiambia umechagua chuo cha ualimu cha Kisumu, wakati kuna cha karibu, sikukujibu siku tatu. Nilikuwa napika, nafua, nakuuliza habari ya chumvi. Ulifikiri nimekasirikia chuo. Ulilia upande wa ukuta na nikajifanya nimelala. Nyambura, nilikuwa nakushusha. Kila uliposema Kisumu nilisikia miguu yangu mwenyewe ikitoka Ngoliba, na badala ya kukwambia naogopa nikakipeleka kijiti chini.

Nilichopaswa kusema siku ya kwanza ni hiki. Nimefurahi mpaka naogopa kufurahi. Kisumu ni mbali na ni sawa iwe mbali. Nakuona umesimama mbele ya watoto arobaini, chaki mkononi, na yule wa nyuma kabisa anakusikia, kwa sababu sauti ya cucu unayo. Ulizaliwa nayo. Mara ya kwanza ulipolia kwa kile chumba chetu cha Makongeni, jirani aligonga ukuta, na mimi nikacheka peke yangu kwa sababu nilijua imetoka wapi.

Kama utakasirika, nikasirikie kwa sauti. Uniandikie vile ilivyo, hata kama inachoma. Sitapunguza kitu.

Sasa jambo la mwisho, haraka, kwa sababu naona jirani ameshaanza kuanua nguo.

Mwaka jana, ukiwa shuleni, spika ya kushoto ya redio yetu ilikufa. Nikaweka ile kaseti jioni moja bila kufikiria, na ikabaki inacheza upande wa kulia peke yake. Nilikuwa nachagua mchele. Nikaacha sinia. Kile chumba cha Mzee kilikuwa kidogo, mama, na yeye alikuwa na sauti ya kuvuka mashamba. Maiki ya kulia ilikuwa ya wengine, lakini yeye aliifikia. Nilipokuwa nakata safu ya juu sikukumbuka ya chini. Sikudhani atafika.

Ulipofunga shule ulinicheka kwamba nimekaa mwezi mzima na redio mbovu. Sikutaka itengenezwe. Ilipotengenezwa, kushoto kulirudi na shimo lake, likamfunika tena.

Nasikia geti. Ni wewe, na kuna mtu unamcheka. Hii naikunja ndani ya sweta, utaipata ukifungua sanduku huko.

Ukishaisoma, chukua walkman. Kile kispika cha sikio la kushoto kitoe, kiache kining'inie. Vaa cha kulia peke yake, chenye herufi R. Peleka kaseti hadi wimbo wa tatu, na uvumilie mvua, ilinyesha kweli. Usiongeze sauti. Ngoja wengine waanze kupokea, halafu sikiliza nyuma yao, mbali, kama mtu anayeimba akiwa jikoni na wewe uko sebuleni. Ni yeye, mzima. Huko mkono wangu haukufika.

Ni mimi,
Wangari wa Nyambura wawili